Mafunzo ya afya ya akili kwa watumishi wa dharura na gari la wagonjwa: niyapange vipi?

Muuguzi wa Mapokezi (mkoa wa Mtwara) ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote nawasalimu. Mimi ni muuguzi katika mojawapo ya hospitali za wilaya mkoani Mtwara. Nimekabidhiwa kazi ambayo sijawahi kuifanya, nayo ni kuandaa mafunzo ya siku mbili ya afya ya akili kwa watumishi wa kitengo cha dharura na wale wanaosindikiza wagonjwa wa rufaa. Fedha iliyopo inatosha chakula, madaftari na nauli ya mwezeshaji mmoja. Ukumbi ni wetu wenyewe.

Naomba nieleze kilichonisukuma. Usiku mmoja tulipokea majeruhi wa ajali ya gari dogo la abiria, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka kama minne ambaye hakupona. Kijana aliyemhudumia, muuguzi mwenye miaka miwili kazini, alimaliza zamu yake, akaandika taarifa kwa mwandiko wake uleule safi, akakabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda nyumbani. Hakuna aliyemuuliza jambo. Baada ya wiki tatu alileta barua ya kuomba kuhamishiwa kliniki ya macho. Nilipoketi naye aliniambia kwamba kila machela inapogonga mlango wa mapokezi, mikono inamtetemeka kiasi kwamba hawezi kuupata mshipa wa mgonjwa. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha kuandika kwenye daftari la zamu kwamba anakwepa kazi ya kuweka dripu, na maneno hayo niliyaandika mimi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa uongozi unapendekeza tuweke utaratibu kwamba baada ya kila tukio kubwa, usiku uleule, watumishi wote waliokuwepo waketi duara na kila mmoja aeleze alichokiona na alivyojisikia. Pendekezo limetoka kwenye huruma, lakini moyo wangu unasita na siwezi kutaja sababu. Vilevile sijui niugawe vipi muda wa siku mbili kati ya namna ya kuwahudumia wagonjwa wanaofika wakiwa wamechanganyikiwa na namna ya kutunza akili zetu sisi wenyewe. Nafasi ni 25, na orodha niliyopewa ina matabibu na wauguzi wa mapokezi peke yao. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu.

Muuguzi wa Afya ya Akili amejibu:

Ndugu yangu, moyo wako umesita mahali panapostahili.

Utaratibu huo wa duara una historia yake. Aliyeupanga ni Jeffrey Mitchell wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya zimamoto na ya gari la wagonjwa. Aliuandika mwaka 1983, na kwa miaka mingi ukaenea katika vikosi vya uokoaji vya nchi nyingi, kwa sababu watu waliona ni afadhali kufanya jambo kuliko kukaa kimya. Ulipokuja kupimwa, matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1997, watu waliolazwa kwa kuungua moto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kikao kimoja cha kusimulia tukio kwa kina na wengine wakaachwa na matunzo ya kawaida. Baada ya miezi 13, waliokutwa na ugonjwa wa kiwewe, yaani mshtuko wa tukio unaodumu na kumsumbua mtu, miongoni mwa waliosimulia walikuwa asilimia 26, na miongoni mwa wale wengine walikuwa asilimia 9. Ni haki niseme pia kwamba hao walikuwa wagonjwa na si watumishi, na kwamba waliopewa kikao walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa uangalifu. Hata hivyo mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti za namna hiyo, hayakuona kwamba kikao kimoja cha kusimulia kinazuia kiwewe, na baadhi ya tafiti zilionyesha kwamba kinaweza kuongeza madhara.

Ukitafakari utaona kwa nini. Usiku uleule mwili bado uko mbioni, na anayelazimishwa kusimulia anaipitia ajali mara ya pili akiwa hajapata hata maji ya kunywa. Aliyekuwa chumba cha dawa, ambaye hakumwona yule mtoto, anaondoka na picha aliyopewa na mwenzake. Tena katika hospitali zetu hizi ndogo, kwenye duara hilo ameketi pia mkubwa wako wa kazi anayekujazia fomu ya tathmini. Ni nani atakayesema mbele yake, "Nilishindwa"?

Kinachopendekezwa badala yake ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake waliitolea mwongozo mwaka 2011. Nguzo zake ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Unatazama ni nani anayetetemeka, ni nani amenyamaza kupita kawaida yake, ni nani hajala. Unasikiliza kama mtu anataka kusema, na kama hataki humchokonoi. Unamuunganisha na anachokihitaji, ambacho mara nyingi ni kidogo sana: chai, nguo kavu, simu ya kumpigia mkewe au mumewe, na mtu wa kumfikisha nyumbani ili asipande bodaboda peke yake saa nane za usiku. Haihitaji digrii ya saikolojia, na kwa siku mbili watu 25 wanaweza kuijua vizuri iwapo watafanya mazoezi wawili wawili badala ya kusomewa vielelezo ukutani.

Baada ya hapo panahitajika ufuatiliaji. Wanamaji makomando wa Uingereza walianzisha mpango ambao askari mwenzako aliyefundishwa, asiye daktari, anazungumza nawe siku chache baada ya tukio na tena baada ya mwezi, akiwa na maswali machache yaliyopangwa kuhusu usingizi, hasira, pombe na kujilaumu. Hapo hatutafuti ugonjwa kwa kila mtu. Kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo, au kuiona sura ya mgonjwa unapofumba macho ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo, na watu wengi huyashinda ndani ya wiki chache wakiwa na wenzao. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au yakimfanya mtu ashindwe kazi yake kama huyo kijana wako, basi ni wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu, kwa sababu kiwewe kina tiba ya mazungumzo inayofanya kazi.

Naongeza jambo moja linalotuhusu sisi tunaoshika funguo za kabati la dawa. Msimpe mtumishi diazepamu, ile dawa ya kutuliza, "apate usingizi" baada ya tukio. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2013 unashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa ajili ya dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Hazizuii kiwewe, na anayeweza kujichukulia dawa mwenyewe ni rahisi kuzizoea.

Kikao cha kitaalamu cha kujadili kazi, kwa maana ya oksijeni ilikuwa wapi na nani alichelewa kuitwa, ni kitu kingine na kina manufaa yake. Kifanyeni mchana, watu wakiwa wamelala, na msichanganye humo maswali ya hisia.

Dereva wa Rufaa amejibu:

Nawasalimu nyote. Naomba mnisikilize kuhusu hiyo orodha, kwa kuwa nimeendesha gari la wagonjwa kwa miaka 11 katika barabara za huku kwetu Uwanda wa Makonde na sijawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote ya aina hii. Nimewahi kuwapeleka wenzangu kwenye mafunzo, nikawasubiri nje na gari.

Nieleze safari moja. Tulimchukua mama mwenye kifafa cha mimba kumpeleka Mtwara. Nyuma alikuwa muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, na mbele, kiti cha pembeni yangu, aliketi mama mkwe wa mgonjwa akiwa amepakata beseni lenye nguo za mtoto. Kati yangu na nyuma kuna kidirisha kidogo cha kioo. Muuguzi alikuwa akikigonga na kusema, "Kaka, ongeza mwendo," nami naongeza pale barabara inaporuhusu. Tulipokaribia Nanyamba akaacha kugonga. Nilikwisha kuelewa. Yule mama pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, tumefika wapi?" Nikamwambia tumekaribia. Aliniuliza tena mara mbili kabla ya kufika, na mara zote mbili nilimjibu hivyohivyo.

Nilipolirudisha gari nililiosha mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Chini ya reli ya machela nilikuta kanga imekwama, na kwenye pindo lake kuna fundo la fedha, noti zimekunjwa ndogo kama vile mtu alivyoziweka kwa ajili ya siku ile. Nikaifua ile kanga, nikaianika kwenye ua wa gereji na kuipeleka kwao pamoja na zile noti. Mambo haya hayaandikwi popote. Daftari langu la safari lina kilomita, lita za dizeli na saa ya kurudi.

Ndugu muuliza swali, huku kwetu gari la wagonjwa halina kikosi cha wataalamu wa uokoaji kama tunavyowaona kwenye televisheni. Lina dereva na muuguzi, na mara nyingi muuguzi huyo ametolewa wodi ya wazazi, si mapokezi. Kwa hiyo orodha uliyopewa imewaacha nje watu haohao wanaokaa na mgonjwa saa tatu au nne wakiwa peke yao barabarani. Tangu ije namba 115 ya mpango wa m-mama, wapo pia madereva wa kijamii wenye magari yao binafsi wanaobeba wajawazito na watoto wachanga kutoka vijijini. Hao hawana mkubwa wa kazi wa kumwambia jambo. Kama nafasi zinabana, nipo tayari kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa, lakini tuwemo.

Na mafunzo yaseme kuhusu usingizi wa dereva. Baada ya safari kama ile nilitakiwa kurudi usiku uleule kwa kuwa gari ni moja. Nilisimama njiani mara mbili na sikumbuki nilisimama wapi.

Tabibu wa Zamu (Lindi) amejibu:

Mzee dereva, shikamoo, na pole kwa safari ile.

Nitajibu upande wa wagonjwa kwa ufupi, kwa kuwa naona upande wa watumishi umepata wasemaji wazuri kuliko mimi. Ningeutengea nusu siku tu, ila iwe nusu siku ya mazoezi. Jambo la kwanza la kufundisha ni kwamba anayefika amefungwa kamba huku ndugu wakisema amerukwa na akili si lazima awe na ugonjwa wa akili. Mikoa yetu hii ina malaria nyingi, na malaria iliyopanda kichwani humfanya mtu apige kelele na kupigana. Sukari iliyoshuka hufanya hivyohivyo, pamoja na homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, na kuacha pombe ghafla kwa mtu aliyeizoea kwa miaka. Pima sukari, pima malaria, pima joto na mapigo kabla hujaandika neno "saikosisi", yaani kurukwa na akili. Nimeona mtu akituliziwa kwa sindano mara mbili ilhali alichohitaji ni glukosi.

Kuhusu kamba, lazima isemwe bila kuficha: mtu asilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni, kwa sababu anaweza kukosa hewa na kufa mikononi mwenu huku mkidhani ametulia. Azungumzaye na mgonjwa awe mmoja, kwa sauti ya chini, na wengine warudi nyuma. Mara nyingi kinachomchochea ni ule umati wetu.

La mwisho ni wale wanaoletwa baada ya kunywa sumu, hasa dawa za kupulizia mikorosho ambazo huwekwa ndani ya nyumba zetu kama vile chumvi. Watumishi wengi wanaogopa kumuuliza mtu kama bado anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo kichwani. Sivyo. Kumuuliza waziwazi hakumwongezei hatari, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa na mtu asiyewashutumu. Najua kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndugu wengi hudanganya chanzo cha sumu kwa kuogopa polisi. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinatuzuia kuwatibu watu vizuri. Hata hivyo anayelala mbele yako ni mgonjwa, na wajibu wako unaanza na njia ya hewa.

Mkunga Mstaafu (Lindi) amejibu:

Marahaba wanangu. Nimesoma yote, na mengi yamesemwa vizuri. Nabakiwa na jambo moja ambalo ninyi vijana mmelizunguka.

Mimi nilifanya kazi miaka 34. Vifo niliviona, na vifo peke yake havikunitoa usingizi. Kilichonitoa usingizi ni vile ambavyo nilijua dawa yake na sikuwa nayo: mama anatokwa na damu, mimi najua anahitaji damu, na damu haipo. Mei mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini binti yangu yuko kazini na nilimsikia usiku akizungumza na simu kuhusu mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili ambaye njia yake haipo. Niliifahamu ile sauti, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo. Huo si woga wala udhaifu wa akili, ni dhamiri imejeruhiwa. Mtumishi wa namna hiyo ukimketisha ukamfundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne huku gari halina dizeli, atakusikiliza kwa adabu na moyoni atakuona unamdhihaki.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya yote, waiteni wakubwa: mganga mfawidhi, muuguzi mkuu, anayepanga zamu na anayeidhinisha mafuta. Nimeambiwa na binti yangu kwamba hata miongozo ya WHO ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inataka wasimamizi wafundishwe, si wafanyakazi peke yao. Ni sawa kabisa. Anayepanga zamu ana uwezo wa kumtibu mtu kuliko mshauri nasaha, kwa kuandika tu kwamba aliyetoka kwenye tukio zito jana asiwe peke yake leo usiku. Dereva hapo juu asingerudi usiku ule kama angekuwapo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "lala Mtwara, rudi kesho".

Na msimkimbize huyo kijana kwenye kliniki ya macho moja kwa moja. Anaweza kuwekwa mahali pepesi kwa muda, kwa makubaliano, huku mtu akimfuatilia na akijua kwamba nafasi yake inamsubiri. Kumwondoa kimyakimya kunamwambia kwamba mlikuwa sahihi mlipoandika anakwepa kazi. Yale maandishi kwenye daftari la zamu, mwanangu, nenda ukayaandikie sahihisho chini yake na utie saini yako.

Msomaji kutoka Kilwa ameandika:

Naomba kuuliza pia: je, kuna ubaya kuwaalika shehe na padri? Kwetu, msiba ukishaingia kazini, watu huwaendea hao kabla ya mwingine yeyote.

Muuguzi wa Afya ya Akili amejibu:

Hakuna ubaya, na pengine ndilo jambo ambalo watu wetu watalielewa upesi kuliko yote. "Unganisha" maana yake ni hiyo pia. Ninachoomba ni kwamba iwe kwa hiari ya mtu, kwamba nao wakae kwenye somo la kusikiliza, na kwamba wakubaliane mapema juu ya siri, pamoja na kumleta hospitali anayesema amechoka kuishi.

Muuguzi wa Mapokezi (mkoa wa Mtwara) ameandika tena:

Nawashukuru wote, na mama yetu wa Lindi shikamoo. Jana nimekwenda kwa mganga mfawidhi nikiwa nimechapisha majibu haya. Pendekezo la duara la usiku uleule limeondolewa. Mahali pake tumeandika kwamba mkuu wa zamu atahakikisha chai, nguo kavu na usafiri wa kurudi nyumbani, na kwamba wenzetu sita watakaochaguliwa na watumishi wenyewe watafundishwa kumtembelea mhusika siku ya tatu na baada ya mwezi. Wakubwa wamekubali kukaa asubuhi ya siku ya kwanza, ingawa mmoja ameomba iwe kwa muda wa saa mbili tu na sikubishana naye.

Orodha imebadilika. Nimepunguza wauguzi wa mapokezi hadi tisa, nimeingiza wanne wa wodi ya wazazi, madereva wote watatu, na mhudumu wa chumba cha maiti ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja. Madereva wa kijamii nimeshindwa kuwaweka katika awamu hii. Suala la dereva kulala Mtwara limekwama kwenye posho ya usiku, nami nitalirudia kwenye kikao cha mwezi ujao.

Sahihisho nimeliandika kwenye daftari la zamu, nikalitia saini, na kijana nimemwonyesha. Alilisoma, akanirudishia daftari, akaniuliza kama bado naweza kumpanga naye zamu za mchana.

Dereva wetu mkubwa nimemwomba afungue somo la siku ya pili kwa kueleza safari ya rufaa jinsi ilivyo. Amekubali, ila ameomba asisimame mbele, azungumze akiwa ameketi kwenye kiti chake.